Big League ya Uganda: maswali ninayoulizwa kila wikendi

Nimezaliwa kambini Jinja, baba akiwa askari, na mpira wa daraja la pili nimeufuata tangu nikiwa napanda juu ya ukuta kuuona. Watu hunisimamisha kwenye steji ya boda, wengine hunitumia ujumbe usiku wa manane, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake, ili msimu ukianza nisirudie.

Big League ni nini hasa?

Ni daraja la pili la mpira wa wanaume Uganda, chini ya Ligi Kuu ambayo wengi tunaiita UPL. Ilianza mwaka 2009. Kabla yake, timu bora za mikoa zilikutanishwa kwenye mashindano mafupi, na zilizofanya vizuri zikapanda. Mashindano mafupi yana bahati nyingi: kipa akiamka vizuri wiki moja tu, timu imepanda. Big League ikaleta msimu mzima, nyumbani na ugenini. Ligi iko chini ya FUFA, shirikisho la mpira la Uganda, lenye makao yake Mengo, Kampala.

Timu ngapi hupanda?

Tatu, na tatu hushuka kutoka UPL kuzipisha. Misimu ya karibuni mbili za juu zimekuwa zikipanda moja kwa moja, na nafasi ya tatu ikigombewa kwenye mchujo na timu zilizomaliza chini yao. Kanuni hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo kabla hujabishana na mtu kwenye kinyozi, soma kanuni za msimu wenyewe. Nimeshuhudia watu wazima wakikosana kwa kanuni za mwaka juzi.

Na yale makundi ya Elgon na Rwenzori?

Hayo yalikuwa ya zamani. Kwa miaka mingi ligi iligawanywa makundi mawili yenye majina ya milima yetu, mmoja wa mashariki na mwingine wa magharibi, ili kupunguza safari. Baadaye ikawa msimamo mmoja. Wapo wanaoyakumbuka kwa mapenzi. Mimi naona msimamo mmoja ni haki zaidi, maana zamani kundi moja lingeweza kuwa laini na jingine la chuma, na bado yote mawili yanatoa timu ya kupanda. Ila bili ya mafuta haijali haki.

Timu huingiaje Big League kutoka chini?

Kupitia ligi za mikoa. FUFA ina mikoa minane: Kampala, Buganda, Mashariki, Kaskazini Mashariki, Kaskazini, West Nile, Kitara na Magharibi. Mabingwa wa huko hukutana kwenye mchujo. Chini ya mikoa kuna daraja la nne na la tano, ambako mpira unachezwa kwenye viwanja vya shule na ng'ombe hufukuzwa kwanza ndipo filimbi ipulizwe.

Nani walipanda miaka ya karibuni, na wako wapi sasa?

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nivumilieni.

Mwaka 2016 walipanda Onduparaka ya Arua, Proline na Kirinya-Jinja SS. Onduparaka waliteka nchi. Uwanja wa Green Light ulikuwa unajaa mpaka mitini, na timu za Kampala zikaanza kuogopa safari ya West Nile kabla hata ya kufunga mabegi.

Mwaka 2017 ikawa Maroons, Mbarara City na Masavu ya Entebbe. Mwaka 2018 wakaja Nyamityobora, Chuo Kikuu cha Ndejje na Paidha Black Angels. Hawa watatu wakumbuke, nitawarudia. 2019 ikawa Wakiso Giants, Kyetume na Proline tena, kwani walikuwa wameshashuka. 2020, msimu uliokatishwa na korona, walipanda UPDF, MYDA na Kitara. 2021 Arua Hill, Gaddafi na Tooro United. 2022 Blacks Power ya Lira na Maroons walikuwa miongoni mwa waliotangulia. 2023 Kitara kwa mara nyingine, pamoja na NEC na Mbarara City. 2024 Mbale Heroes, Lugazi na Police. Na 2025 ikawa Calvary kutoka Yumbe, Entebbe UPPC na Buhimba United Saints.

Angalia majina yanayojirudia: Proline, Kitara, Maroons, Mbarara City. Ngazi ni ile ile, na wanaoipanda na kuishuka ni wale wale.

Mbona wanaopanda hushuka upesi hivyo?

Nilisema nitawarudia wale watatu wa 2018. Nyamityobora, Ndejje na Paidha walipanda pamoja, wakacheza UPL msimu mmoja, na 2019 wakashuka pamoja, wote watatu. Ni kama wageni waliokuja harusini kwa gari moja na kuondoka kwa gari hilo hilo kabla ya chakula. Kati ya watatu wa 2020, wawili, Kitara na MYDA, walishuka 2021. Tooro United walidumu msimu mmoja, Blacks Power nao msimu mmoja, Mbale Heroes vilevile.

Watu husema ni ubovu wa wachezaji. Nakataa. Nimeziona timu hizi wiki kwa wiki, na kikosi cha Big League kinachoongoza ligi kinaweza kumsumbua mtu yeyote wa UPL ndani ya dakika tisini. Shida huanza siku ya kushangilia yenyewe. Timu imepanda mwezi wa tano. Mwezi wa sita straika aliyefunga mabao ameshaitwa na klabu kubwa, na kwa kuwa mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, au wa mdomo tu, anaondoka bure. Mwezi wa saba kocha anaambiwa hana leseni inayotakiwa juu, analetwa mwingine ambaye hajui jina la beki wake wa kushoto. Mwezi wa nane wakaguzi wanakuja, uwanja unakosa kile na kile, basi mechi za nyumbani zinapelekwa mji mwingine. Hapo timu iliyopanda kwa nguvu ya mashabiki wa nyumbani inacheza nyumbani mbele ya viti.

Ndiyo maana mimi nikiulizwa nani atabaki, siangalii msimamo wa Big League. Naangalia nani anawalipa wachezaji mwezi wa sita, wakati hakuna mechi. Watatu wa 2023, yaani Kitara, NEC na Mbarara City, walivuka msimu wa kwanza na wa pili bila kushuka. Katika orodha yangu ya juu hutapata darasa jingine la aina hiyo kirahisi.

Mbona timu za askari ni nyingi?

Hesabu: UPDF ni ya jeshi. Gaddafi ni ya jeshi, imebeba jina la kambi yetu hapa Jinja. NEC ni ya shirika la biashara la jeshi. Police jina linajieleza. Maroons ni ya magereza, nyumbani kwao Luzira.

Na si jambo jipya. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1968, bingwa wa kwanza alikuwa Prisons ya Kampala, ambao ndio Maroons wa leo, na 1969 wakachukua tena. Simba, timu ya jeshi, walikuwa mabingwa 1971 na 1978, na 1972 walifika fainali ya klabu bingwa Afrika wakafungwa na Hafia ya Guinea. Police walichukua ligi 2005. Kwa hiyo ukiona Maroons wanahangaika Big League, jua unamtazama bingwa wa kwanza kabisa wa nchi hii akitafuta njia ya kurudi nyumbani.

Timu za askari zina faida ambayo haionekani kwenye msimamo: mchezaji anaweza kuajiriwa. Ana mshahara, ana nyumba ya kota, na mpira ukiisha bado ana kazi. Kijana wa timu ya mtaa, mguu ukivunjika, anarudi kwenye boda, tena akipona.

Kwetu sisi wa Kiswahili kuna la ziada. Katiba iliporekebishwa 2005 Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, lakini kambini kilikuwa rasmi zamani sana kabla ya katiba kukikumbuka. Kwenye mechi ya Gaddafi benchi hufoka kwa Kiswahili, mashabiki hutukana kwa Kiswahili, na refa, hata kama ni Muganda wa Masaka, hujibu kwa Kiswahili. Watu wa pwani wakikisikia Kiswahili chenyewe hucheka. Wacheke tu, beki ameshaelewa.

Nikienda kutazama mechi kambini nitarajie nini?

Beba kitambulisho cha taifa. Usivae nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi, hata kaptula, hata kofia uliyonunua mitumba. Raia kuvaa mabaka ni kosa kisheria na langoni hawana utani nalo. Fika mapema.

Mara ya mwisho nilisimama nyuma ya mzee mmoja aliyetoka Iganga kuja kuwashangilia wageni. Askari wa lango akamuuliza, "Mzee, wewe nakwenda wapi?"

"Nakwenda mpira, afande."

"Timu gani?"

Mzee akasita, akatazama bunduki, akasema ukweli. Askari akamrudishia kitambulisho kwa mikono miwili, akamwambia, "Ingia mzee, karibu sana. Furaha yako ucheke nayo saa hii, jioni hatuna hakika."

Jioni wageni walipata sare, na mzee alitoka akimpungia mkono yule askari kama ndugu yake.

Je, timu ya Big League inaweza kucheza mashindano ya Afrika?

Inaweza, na imeshafanya. Njia ni Kombe la Uganda, kwa sababu bingwa wake huenda Kombe la Shirikisho la CAF bila kujali yuko daraja gani. Mwaka 2019 Proline, wakiwa Big League, waliwafunga Bright Stars kwenye fainali. Msimu ule ule walipanda daraja, basi wakaingia UPL na Afrika kwa mpigo. Ulikuwa mwaka wa neema, ingawa 2020 walishuka tena.

Miaka miwili kabla ya hapo, Paidha Black Angels kutoka mji mdogo wa mpakani na Kongo walifika fainali ya 2017 wakiwa daraja la pili. KCCA ya Kampala waliwafunga pale Arua, lakini kwa mtu wa Zombo, wilaya ya Paidha, ile fainali inasimuliwa hadi leo kana kwamba walishinda.

Na 2024 fainali ilikuwa Kitara dhidi ya NEC. Wote wawili walikuwa wametoka Big League mwaka mmoja tu kabla. Kitara wakashinda. Mtu akikuambia daraja la pili ni mpira wa mchangani, mpe mfano huo, halafu nyamaza.

Kuna mchezaji aliyetoka huko akafika Cranes, timu ya taifa?

Wako wengi, lakini mfano ninaoupenda ni Muhammad Shaban. Onduparaka walipanda katikati ya 2016. Januari 2017 Shaban alikuwa Gabon na kikosi cha Uganda kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, la kwanza kwetu tangu 1978, na karatasi ya kikosi ikimwandika kuwa mchezaji wa Onduparaka. Miezi saba, minane hivi, kutoka vumbi la daraja la pili hadi Gabon. Baadaye alikwenda KCCA.

Safari za ugenini ni ngumu kweli, au ni visingizio vya makocha?

Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Yumbe ni mbele zaidi. Mbarara ni kama 270 upande mwingine. Timu yenye hela hulala njiani. Isiyo na hela huondoka saa kumi alfajiri kwa kosta ya kukodi, wachezaji wanashuka miguu imevimba, wanapasha misuli dakika ishirini, wanacheza.

Mwishoni mwa Septemba 2024 daraja la Karuma lilifungwa kwa matengenezo, hadi Desemba. Wanaokwenda West Nile wakalazimika kuzunguka, wengine kupitia Masindi na kukata mbuga ya Murchison Falls hadi Pakwach. Msimu ule niliomba lifti kwenye basi la timu moja, sitaitaja, kwa sababu meneja wao bado ni rafiki yangu na bado ana aibu. Jezi ziliachwa. Mfuko mzima ulibaki kwenye baraza la hoteli tulikokunywa chai, tukagundua tukiwa tayari mbugani, ambako huwezi kugeuza gari unavyotaka wala kushuka kutafuta mtandao, maana kulikuwa na tembo kama hatua mia moja kutoka barabarani akila taratibu, hana habari na ligi. Kipa, kijana wa Soroti, akasema kwa upole, "Kocha, mimi yangu ninayo. Nimeivaa kulalia." Basi zima lilicheka mpaka Pakwach. Wenyeji wakawaazima fulana za mazoezi, refa akakubali, wakafungwa mbili kwa bila na namba zimechorwa kwa plasta nyeupe mgongoni. Kufikia kipindi cha pili jasho lilikuwa limebandua plasta, namba 8 ikawa 3, na kibendera akaandika kadi ya mtu asiyekuwapo.

Kwa hiyo hapana, si visingizio.

Timu isipotokea uwanjani?

Wapinzani hupewa ushindi wa mabao matatu, na adhabu nyingine hufuata kwa kanuni. Mara nyingi si ukaidi. Ni mafuta.

Mbona timu hubadilisha majina hivi?

Kwa sababu jina hufuata anayelipa, au mji ambao timu inataka uipende. Kirinya-Jinja SS ilikuwa timu ya shule, ikawa Busoga United ili ufalme mzima ujione ndani yake. Soana ikawa Tooro United. Doves All Stars ya Arua ikawa Arua Hill. Hata Vipers mnaowaona wakubwa walikuwa Bunamwaya mpaka 2012. Ukitafuta matokeo ya zamani, tafuta kwa majina yote mawili, la sivyo utadhani timu imezaliwa jana.

Kusema kweli sipendi. Mzee anayeuza karanga nje ya uwanja hapa Jinja bado anaita timu kwa majina ya miaka ya tisini, na huwa namwelewa yeye kuliko tangazo la redio.

Msimu huchezwa lini?

Kwa kawaida huanza miezi ya mwisho ya mwaka hadi mwezi wa tano au zaidi, na mapumziko katikati. Mzunguko wa pili huangukia kwenye mvua za Machi hadi Mei. Viwanja vingi havina mifereji ya maana, kwa hiyo mpira wa pasi fupi wa mwezi wa kumi na moja, ufikapo Aprili unageuka kuwa mateke ya mbali na maombi. Tarajia viporo.

Naweza kuona kwenye televisheni?

Baadhi ya mechi, hasa za mwisho na za mchujo. Nyingine redio za mji wenyewe, na mtangazaji atakuwa shabiki waziwazi.

Wanawake wana daraja la pili pia?

Wanalo. Ligi yao ya juu ni FUFA Women Super League, na chini yake kuna Women Elite League. Nenda ukaone.

Wewe ni shabiki wa nani, usitufiche?

Gaddafi. Walipanda 2021, wakashuka 2024, na msimu ule ule Busoga United nao wakashuka, kwa hiyo Jinja tulipoteza timu mbili kwa mkupuo mmoja. Siku ile nilizima simu mpaka Jumatano. BUL, timu nyingine ya hapa kwetu, walibaki juu, na majirani zangu wanaowashabikia BUL hawakuniacha nisahau.

Nimeshawishika. Nianze na mechi gani?

Yoyote ya Jumamosi iliyo karibu nawe. Kama uko Kampala, Jinja ni kilomita 80 tu, panda teksi asubuhi, vuka daraja la Nile, shuka na boda hadi uwanjani. Utanikuta upande wenye kivuli, karibu na mama wa chapati. Yeye humjua kila mchezaji kwa deni lake. Kitambulisho usisahau, na ile kofia ya mabaka iache nyumbani.